Ahadi Bila Dhahabu: Kinachoipa Thamani Noti na Pesa ya Kidijitali

Ndugu mwenyekiti, wageni waalikwa, mabibi na mabwana, habari za mchana.

Swali nililopewa leo ni lile ambalo watoto huuliza: kwa nini serikali isichape noti nyingi, sote tukatajirika? Wakubwa humwambia mtoto akacheze. Lakini mtoto huyo hajakosea kuuliza. Ameona kwamba noti ni karatasi, karatasi ipo tele na wino haujaisha. Sasa ni nini kinachofanya karatasi ile ipokelewe, na ni nini kinachowazuia wenye mashine kuichapa usiku na mchana?

Tuanze na noti ya Benki Kuu ya Uingereza, kwa kuwa imeandikwa jambo la kuchekesha ambalo wengi hawalisomi. Juu yake mhazini mkuu wa benki anaahidi kumlipa mwenye noti hiyo, wakati wowote akidai, kiasi cha pauni kumi. Ahadi imetiwa saini kabisa. Haya, ipeleke London, mtaa wa Threadneedle, ukadai ulipwe. Utapewa noti nyingine ya pauni kumi, yenye ahadi ile ile na saini ile ile. Ukibisha sana, utapewa mbili za tano. Kabla ya vita ya 1914 ungepewa sarafu za dhahabu. Kuanzia 1925 dhahabu ilirudi, lakini kwa matajiri tu, maana ilitolewa kwa tofali zima la kilo kumi na mbili na zaidi. Septemba 1931 mlango huo ukafungwa. Maneno kwenye noti hayakuguswa. Kilichoahidiwa ndicho kilichoondoka. Na kesho yake watu waliendelea kununua na kuuza kwa noti zile zile.

Dola ilidumu na dhahabu muda mrefu zaidi. Mwaka 1944, katika mkutano wa Bretton Woods huko Marekani, nchi 44 zilikubaliana juu ya utaratibu ambao Marekani ingezipa serikali za kigeni wakia moja ya dhahabu kwa kila dola 35. Tarehe 15 Agosti 1971 Rais Richard Nixon alitokea kwenye televisheni akasema anausimamisha utaratibu huo kwa muda. Huo muda haujaisha hadi leo.

Nayataja haya mapema kwa sababu bado nakutana na watu, wengine wana shahada za biashara, wanaoamini kwamba kila noti ina kipande chake cha dhahabu kilichofungiwa mahali. Hakuna kitu hicho. Benki kuu nyingi zina akiba ya dhahabu, ni kweli, lakini hiyo ni mali yao tu. Huwezi kwenda dirishani na noti yako ukaidai.

Na wale wanaoililia dhahabu nawakumbusha kwamba hata kitu cha kushikika hakina kinga. Wahispania walipoufikia mlima wa Potosí, katika Bolivia ya leo, mwaka 1545 wakaanza kuchimba madini ya fedha na kuyapeleka kwao kwa shehena, bei za vitu Ulaya zilipanda, zikaendelea kupanda miaka na miaka. Katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizoa kauri, yaani makombe madogo ya baharini, kutoka pwani ya Zanzibar wakazimwaga Afrika Magharibi, ambako kauri ndizo zilizokuwa fedha. Thamani yake ikaporomoka. Kauri haichapwi, lakini meli ilifanya kazi ya mashine ya kuchapa.

Tukisema si dhahabu, jibu linalofuata haraka ni kwamba fedha ni imani tu. Mtaalamu akiulizwa hujibu hivyo, watu wakatikisa kichwa, mazungumzo yakaishia hapo. Mimi jibu hilo silipendi. Si kwamba ni la uongo, ila halielezi lolote. Imani kwa nani? Kwamba atafanya nini? Watu hawaamki asubuhi wakaamua kuamini karatasi. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Kuna kisiwa kinaitwa Yap, magharibi mwa bahari ya Pasifiki. Fedha ya watu wa huko ilikuwa mawe ya duara yenye tundu katikati, mengine yakipita urefu wa mtu, yakichongwa Palau, mamia ya kilomita baharini, na kuletwa kwa mitumbwi na matishari. Jiwe kubwa halikuhamishwa hata likiuzwa. Lilibaki lilipo, na kijiji kikajua kwamba sasa ni la fulani. Mmarekani mmoja, William Henry Furness, aliyefika huko mwaka 1903, alisimuliwa habari za familia iliyokuwa tajiri kwa jiwe ambalo hakuna mtu aliye hai aliyewahi kuliona. Mababu walilichonga, wakapigwa na dhoruba njiani, wakalazimika kuliachia likazama. Mabaharia waliporudi walishuhudia kwamba jiwe lilikuwa kubwa na zuri na kwamba halikuzama kwa uzembe wa mwenyewe. Wazee wakakubali: jiwe ni lake, liwe juani au chini ya bahari. Familia ikaendelea kununua kwa jiwe hilo vizazi na vizazi.

Kisa hiki husimuliwa sana kuonyesha kwamba fedha ni imani. Lakini kina sehemu ya pili, na hiyo ndiyo naiona yenye mafunzo zaidi. Wajerumani walivinunua visiwa hivyo kutoka Hispania mwaka 1899. Wakawaamuru machifu watengeneze barabara. Machifu hawakujali. Basi Wajerumani wakamtuma mtu mwenye ndoo ya rangi nyeusi, akapita akichora alama ya msalaba kwenye mawe ya thamani kuonyesha kwamba serikali inayadai. Barabara zikatengenezwa mara moja. Mtu wa rangi akarudishwa kufuta alama, na kisiwa kikawa tajiri tena. Watu walifanya kazi ya jua kali kwa sababu ya rangi, maana rangi ile ilikuwa maandishi kwenye daftari la nani anamiliki nini na nani anamdai nani. Hapo kuna kitu kigumu kuliko imani: kuna deni, na kuna mwenye uwezo wa kulidai.

Na mdai mkubwa kuliko wote ni serikali inayotoza kodi. Ikisema kodi italipwa kwa noti hizi na si kwa kingine, basi kila mwenye kuogopa kufikishwa mahakamani lazima azitafute, hata kama hazipendi. Tawala za kikoloni barani Afrika zililijua jambo hili vizuri kuliko sisi tunavyolijua leo. Mtu alikuwa na ng'ombe, ghala na shamba, na hakuwa na haja yoyote na rupia wala shilingi. Akatozwa kodi ya nyumba, baadaye kodi ya kichwa. Siku hiyo rupia ikapata thamani kwake. Akaenda kukata mkonge au kuuza mazao ili aipate. Hakuna aliyemhubiria imani.

Ongeza hapo madeni ya watu binafsi. Dawa ya deni kulipa, na linalipwa kwa kile mkataba ulichokitaja. Mamilioni ya watu wanadaiwa mikopo ya nyumba, kodi ya pango, ada na bili za umeme, zote kwa fedha ya nchi yao. Kila mmoja wao ni mtu anayeitafuta noti hiyo kabla mwezi haujaisha. Ukiniuliza kwa nini muuzaji anapokea karatasi yako, jibu langu ni kwamba anawajua watu kumi wanaomdai yeye karatasi hiyo hiyo.

Sasa turudi kwa mtoto wetu. Kama mdai mkuu ndiye pia mwenye mashine, atashindwaje kujichapia? Hili ndilo jambo la pili, na historia yake inatisha. Ujerumani, Novemba 1923, dola moja ilifika marki trilioni 4.2. Hungaria, Julai 1946, bei zilikuwa zikijirudufu mara mbili kila baada ya saa kumi na tano hivi. Mtu akipokea mshahara jioni, asubuhi nusu yake imeyeyuka. Zimbabwe ilitoa noti ya dola trilioni 100 mwanzoni mwa 2009. Katika nchi zote hizo kodi zilikuwepo, polisi walikuwepo, na sheria ya kulazimisha watu kupokea noti ilikuwepo. Ila kiasi cha noti hakikuwa na mpaka.

Angalieni Wajerumani walivyotoka. Tarehe 15 Novemba 1923 walitoa fedha mpya, Rentenmark, moja ikiwa sawa na marki trilioni moja za zamani. Wakatangaza kwamba imedhaminiwa na ardhi ya mashamba na viwanda vya nchi nzima. Dhamana yenyewe ilikuwa maneno matamu: hakuna mtu ambaye angeenda na noti akapewa nusu eka ya shamba la mtu. Kilichofanya kazi ni kikomo. Benki mpya iliruhusiwa kutoa kiasi maalumu, na serikali iliporudi mwezi uliofuata kuomba ikopeshwe zaidi, ikakataliwa. Bei zikatulia. Naamini kukataa kule kuliipa fedha ile thamani kuliko mashamba yote yaliyotajwa kwenye sheria.

Kuna ndugu alinifuata kabla hatujaanza akasema: basi fedha ni serikali na kikomo, kwisha. Karibu, lakini kuna nchi mbili zinazotuharibia hesabu hiyo, na ningependa tukae nazo kidogo.

Ya kwanza ni Iraki. Noti zake za zamani zilichapwa Uingereza kwa ubora mkubwa, na watu wakaziita dinari za Uswisi kwa kuwa iliaminika kwamba vibao vya kuchapia vilitengenezwa huko. Baada ya vikwazo vya Umoja wa Mataifa vya 1990 serikali ya Saddam Hussein haikuweza tena kuagiza noti nje, ikaanza kujichapia zake, hafifu, na kwa wingi usio na kipimo. Mei 1993 ikatangaza kwamba noti za zamani za dinari 25 zimefutwa, na watu wakapewa siku chache tu za kubadilisha. Wakurdi wa kaskazini, ambao tangu 1991 hawakuwa chini ya Baghdad, hawakuweza kufika kubadilisha. Wakabaki na noti zilizokataliwa na serikali iliyozitoa, zisizo na benki kuu nyuma yake.

Wakaendelea kuzitumia. Miaka kumi. Noti zilichakaa, zikachanika, zikaunganishwa kwa gundi, na hakuna aliyeweza kuongeza hata moja. Huko kusini mashine zilikuwa zikiunguruma, na dinari ya Saddam ikishuka kila mwaka. Karatasi iliyokataliwa ikawa na thamani kuliko iliyotambuliwa kisheria. Vita ya Marekani dhidi ya Iraki ilipokaribia mwishoni mwa 2002 na mwanzoni mwa 2003, dinari ya Uswisi ilipanda hata dhidi ya dola, kwa kuwa watu walianza kuhesabu kwamba utawala ujao utazipokea. Hesabu yao ilikuwa sahihi: katika ubadilishaji ulioanza Oktoba 2003, dinari moja ya Uswisi ilipewa dinari mpya 150, na ya Saddam ikapewa moja. Kwa hiyo mwenye kuipokea anaweza hata kuwa bado hajazaliwa kisiasa. Inatosha watu wamtarajie.

Ya pili ni Somalia. Serikali ilianguka mwaka 1991, benki kuu ikafa nayo. Shilingi ya Somalia haikufa. Sokoni watu walikuwa na bei kwa shilingi, madeni kwa shilingi, na mazoea, kwa hiyo noti ya shilingi 1,000 iliendelea kupita mkononi. Tofauti na kwa Wakurdi ni kwamba hapa wenye nguvu na wenye fedha waliagiza noti zao wenyewe kutoka nje, mfano wa zile zile, na watu wakazipokea huku wakijua. Kila shehena iliposhushwa, thamani ilipungua, hadi noti ikakaribia gharama ya kuichapa na kuisafirisha. Ilipofika hapo uchapaji haukuwa na faida tena. Kazi ambayo kwingine hufanywa na gavana wa benki kuu, Somalia ilifanywa na hesabu ya faida na hasara ya wachapaji. Kikomo kilikuwepo, ila kilikuwa chini kabisa.

Nimekaa sana kwenye karatasi kwa makusudi, maana pesa ya kidijitali ikishaelezwa hivyo haina muujiza mkubwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali yenyewe imekuwa daftari.

Mteja anakubaliwa mkopo wa milioni kumi. Watu hudhani kuna milioni kumi za mwekaji mwingine zinachukuliwa kutoka mahali. Sivyo. Karani anaingiza mistari miwili kwenye kompyuta. Mstari mmoja unasema mteja anadaiwa na benki milioni kumi. Wa pili unasema benki inadaiwa na mteja milioni kumi, na huo wa pili ndio salio analoliona kwenye simu yake akitabasamu. Kasha halikufunguliwa. Sekunde moja nyuma fedha hiyo haikuwepo. Akilipa mkopo, inafutika. Benki Kuu ya Uingereza ilieleza jambo hili waziwazi mwaka 2014 kwenye jarida lake, kwamba sehemu kubwa ya fedha katika uchumi wa leo huzaliwa hivyo, na benki za biashara.

Kwa nini basi mstari huo uwe na thamani sawa na noti? Kwa sababu benki imebanwa. Lazima ikupe noti ukizitaka. Ukimlipa mteja wa benki nyingine, lazima benki yako iilipe benki hiyo kwa fedha iliyo kwenye akaunti yake huko benki kuu, na hiyo haiwezi kujitengenezea. Mkopaji asipolipa, hasara inakula mtaji wa wenye benki. Na kodi unaweza kuilipa kwa salio hilo. Pesa za simu ni ghorofa nyingine juu ya hapo. M-Pesa, iliyoanza Kenya Machi 2007, haitengenezi shilingi. Salio la mteja ni dai juu ya fedha zilizowekwa kwenye akaunti za udhamini katika benki.

Ghorofa ya chini ikitikisika, ya juu inasikia. Machi 2023 kuna sarafu ya kidijitali iitwayo USDC, inayoahidi kwamba kila moja ni dola moja, ilishuka chini ya senti 90. Programu yake haikuwa na kasoro. Dola bilioni 3.3 za akiba yake zilikuwa Silicon Valley Bank, benki ya Marekani, na benki hiyo ilikuwa imefungwa Ijumaa. Jumapili serikali ya Marekani ikatangaza kwamba wenye amana wote watalipwa, na USDC ikarudi kwenye dola yake. Mwaka uliotangulia, Mei 2022, sarafu nyingine ya kidijitali, TerraUSD, iliyokuwa ikitoa ahadi ya dola moja kama hiyo ilianguka katika siku chache na haikuinuka, kwa kuwa nyuma yake kulikuwa hasa na sarafu dada ya waanzilishi wale wale, ambayo wangeweza kuizalisha bila mwisho. Ujerumani ya 1923, ila kwa kasi ya intaneti.

Bitcoin, sarafu ya kidijitali isiyotolewa na benki wala serikali, ni habari tofauti, na najua vijana wengi mmekuja kwa ajili yake. Ina kikomo kikali kuliko benki kuu yoyote: sarafu milioni 21, basi. Haina mdaiwa. Hakuna anayelazimika kukupa chochote kwayo. Inafanana na zile dinari za kaskazini mwa Iraki kuliko na noti ya kawaida, isipokuwa haichakai. Ndiyo maana bei yake inaruka hivi: Mei 2010 mtu alitoa bitcoin 10,000 akapata piza mbili, na leo mnajua hesabu hiyo. Kitu kinachotegemea hamu ya mnunuzi ajaye peke yake kinaweza kuwa mali, hata mali nzuri. Kupanga nacho kodi ya pango ya mwaka kesho ni shida. El Salvador ilijaribu kuipa kile inachokikosa, mtu wa kulazimika kuipokea, mwaka 2021 kwa sheria iliyowataka wafanyabiashara waipokee, na Januari 2025 ikaondoa ulazima huo.

Nimalizie na Nigeria, kwa kuwa noti na pesa ya kidijitali zilikutana hapo. Mwishoni mwa 2022 benki kuu yake ilitangaza sura mpya za noti za naira 200, 500 na 1,000, na kwamba za zamani zitakoma mapema mwaka uliofuata. Za zamani zikakusanywa, mpya hazikutosha. Watu wakakimbilia miamala ya simu na benki, mifumo ikazidiwa. Fedha ipo kwenye akaunti, salio linaonekana, lakini haihami. Tarehe 3 Machi 2023 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba noti za zamani ni halali hadi mwisho wa mwaka. Ungedhani yamekwisha. Siku zilizofuata wauzaji wengi waliendelea kuzikataa. Walikuwa na hukumu ya mahakama, wakawa wanauliza swali moja tu: nikizipeleka benki, zitapokelewa? Benki kuu ilikaa kimya hadi tarehe 13, ikatoa tamko kwamba zitapokelewa, na hapo noti zikaanza kutembea tena sokoni.

Mwenyekiti, naona dakika zangu zimekwisha. Ndugu yangu wa hapo nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja bitcoin, tuanze naye.